Rimu za nati tano zinanichanganya, napimaje?

SWALI: Habari fundi. Gari yangu ni ya nati tano, rimu zake mbili zimepinda sasa nataka ninunue seti nzima ya mtumba. Muuzaji anasema nati tano ni nati tano zitaingia tu, jamaa yangu anasema nipime kwanza. Nimeweka rula lakini hakuna tundu linaloangaliana na lenzake, kila nikipima napata namba nyingine. Nisaidie kabla sijatoa hela.

JIBU: Msikilize jamaa yako. Unachotafuta ni PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote. Za nati nne na sita ni rahisi, unapima katikati ya tundu hadi katikati ya lile la upande wa pili basi. Kwenye tano pima matundu mawili yaliyo jirani, halafu zidisha kwa 1.701.

Sasa katikati ya tundu huwezi kupaona kwa macho, kwa hiyo shika ukingo wa kushoto wa tundu moja hadi ukingo wa kushoto wa jirani yake, jibu ni lilelile. Geuza rimu upimie kwa nyuma, maana mbele tundu limepanuliwa pale nati inapokaa na utadanganyika. Ukipata 67.2 mm hiyo ni 5x114.3, yaani nati tano zenye PCD ya milimita 114.3, ukipata 65.8 ni 5x112, 58.8 ni 5x100. Umeona 114.3 na 112 zilivyokaribiana? Hapo kwenye matundu tofauti haifiki hata milimita moja na nusu, ndo maana rula haitoshi, azima venia kaliper, kile kifaa cha kupimia hadi sehemu ndogo za milimita.

Na hizo mbili ndo zinazoliza watu, kwa sababu ukilazimisha nati zinashika na rimu inaonekana imekaa kumbe imekaa upande, gari inatetemeka, nati zinalegea zenyewe barabarani, stadi, zile bolti zinazoshika nati, zinakatika. "Zitaingia tu" ni maneno ya mtu anayetaka kuuza.

PCD ikikubali angalia na tundu kubwa la katikati, likiwa dogo kuliko habu, yaani kitovu ambacho rimu inakaa, rimu haiingii kabisa, likizidi unaweka ringi ya kuziba nafasi. Ofseti nayo, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu, isipishane sana na ya zamani, la sivyo tairi itagusa ndani au nje. Halafu nati zako usizitumie kabla hujaangalia upande wake unaokaa kwenye rimu, kuna za koni na za mviringo, na rimu ya koni inataka nati ya koni.