Pasolini na Afrika yake: tufuate anachosema au anachoonyesha?

Mkuu, umeuliza kama mwongozaji tumpime kwa nia aliyoitangaza au kwa kinachoonekana kwenye skrini. Mwenzetu hapo juu amejibu kwamba nia ni porojo tu, tazama filamu. Mimi siafiki, na sababu yangu ni Pier Paolo Pasolini, mwongozaji na mshairi wa Italia niliyemwandikia tasnifu, hasa filamu yake ya 1970, *Appunti per un'Orestiade africana* (yaani madondoo ya Oresteia ya Kiafrika). Hii alikuja kuipiga kwetu, Tanzania na Uganda.

Nia yake huhitaji kuitafuta kwenye mahojiano. Anaisema kwa sauti yake mwenyewe, picha zikipita: hatengenezi filamu kamili, anakusanya madondoo ya filamu atakayoitengeneza baadaye (hakuitengeneza kamwe). Anataka kuihamishia Afrika *Oresteia*, tamthilia ya Aeschylus, mwandishi wa Ugiriki ya kale, ambayo alikwisha kuitafsiri kwa Kiitaliano mwaka 1960. Mfalme Agamemnon anarudi kutoka vitani na kuuawa na mkewe. Mwanawe Orestes analipiza kwa kumuua mama. Mizimu ya kisasi inamwandama mpaka mungu wa kike Athena anaanzisha mahakama, na mizimu ile inageuka kuwa ya heri. Kwa Pasolini, hiyo ndiyo Afrika ya miaka ya 1960: imetoka kwenye mila, imeingia kwenye uhuru na demokrasia.

Basi nia yenyewe ni sehemu ya filamu, na inakaguliwa kama picha nyingine yoyote. Nami nikiikagua naiona inapwaya.

Tazama pale Kigoma. Kamera inapita watu sokoni na mitaani, sauti inauliza kama huyu anafaa kuwa Agamemnon, yule je. Nilimwonyesha mjomba wangu, mtu wa Ujiji, akatazama kimya kisha akauliza, "Sasa mbona wenyewe hawaongei?" Nilikuwa nimesoma makala za wahakiki chungu nzima kabla ya hapo, na swali hilo lilinifaa kuliko nyingi kati yake. Sura ni zetu, maneno yote ni yake. Hata ngoma ya Wagogo, ambayo inapendeza mno, inageuzwa ushahidi: zamani ilikuwa ibada, sasa ni burudani, kwa hiyo mizimu imeshatulia. Nani kamwambia? Mchezaji hata mmoja hakuulizwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinapewa kazi ya kuwa hekalu la Apollo, mungu wa Wagiriki anayemlinda Orestes.

Lakini kuna mahali filamu inamshinda mwenyewe, na kwa hilo namheshimu. Anawakusanya wanafunzi Waafrika wanaosoma Roma, anawaonyesha alichopiga na kuwauliza maoni. Mmoja anamrudi kwamba Afrika si nchi moja, ni bara. Mwingine anapinga habari ya makabila inavyosemwa. Pasolini anaonekana kubanwa, anajieleza, halafu anaendelea na safari yake kana kwamba hakusikia vizuri. Angeweza kabisa kuikata sehemu hiyo. Hakuikata. Anayesema nia ni porojo hawezi kuyaona haya, maana bila kujua alichokusudia, mabishano yale yanabaki maongezi ya darasani tu.



Jambo moja nililotaka kuliweka kwenye tasnifu, msimamizi wangu akaniambia linatoka nje ya mada: wakati huohuo Pasolini akiitafuta Ugiriki kwenye nyuso za watu wa Kigoma, Mwalimu Nyerere alikuwa anamtafsiri Shakespeare. *Mabepari wa Venisi*, tafsiri yake ya *The Merchant of Venice*, ilitoka 1969. Nyerere naye alichukua tamthilia ya Ulaya akaileta hapa, ila yeye aliwapa wahusika Kiswahili cha kusemea. Mpaka leo nadhani hapo ndipo pa kumkamatia Pasolini, kuliko kugombana naye juu ya Aeschylus.