Aliyewakosesha Israeli, na Mimi Niliyesoma Tangazo

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu. Anaimba kwaya, na kiongozi wa kanisa lao amekuwa akibadilisha jambo moja baada ya jingine. Kila badiliko lina sababu nzuri, lakini moyo wake unakataa. Mwishoni akauliza: "Mtumishi, kama anayekosea ni kiongozi, mimi mfuasi nina dhambi gani?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe, nikajijibu kwamba sina dhambi yoyote. Nilijidanganya.

Miaka ile nilikuwa katibu wa baraza la wazee katika mtaa wetu, yaani kanisa dogo lililo chini ya usharika. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tulikuwa tunakwenda usharikani, kanisa kuu la eneo letu, kwa Meza ya Bwana. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na katikati kuna mto ambao masika hufurika. Kiongozi wetu alijaliwa maneno. Jioni moja alituita wazee wanne nyumbani kwake, tukanywa chai na mihogo ya kuchemsha, akasema kwa huruma kabisa: "Wazee wetu wanateseka na njia hii. Kuanzia sasa tubaki hapa, tufanye ibada yetu siku hiyohiyo." Nani angepinga huruma kama hiyo? Akaniambia mimi ndiye niandike tangazo, kwa kuwa nina mwandiko mzuri.

Niliandika. Jumapili nikasimama mbele na karatasi yangu: "Wapendwa, kwa kuwa njia ni ndefu na wengi wetu hatuna nguvu..." Akina mama wakapiga vigelegele. Nilirudi kwenye benchi kifua mbele.

Lakini katibu ndiye anayepokea barua. Wiki mbili kabla ya kikao kile ilikuwa imekuja barua kutoka usharikani ikimtaka kiongozi wetu apeleke hesabu za sadaka. Niliipokea kwa mkono wangu, nikaisoma, nikamkabidhi. Niliijua sababu ya kweli, nikasoma tangazo la sababu ya uongo.

Sasa fungua 1 Wafalme 12. Rehoboamu, mwana wa Sulemani, amewajibu watu kwa ukali, makabila 10 yamejitenga, na Yeroboamu mwana wa Nebati ni mfalme. Huyu hakuwa mnyang'anyi. Nabii Ahiya alichana vazi jipya vipande 12 mbele yake, akampa 10, akamwambia kwamba akizishika njia za Bwana, Bwana atamjengea nyumba imara. Ahadi alikuwa nayo, ila hakuiamini. Akawaza moyoni: watu hawa wakiendelea kupanda kwenda Yerusalemu, mji wa Rehoboamu, kutoa dhabihu, watamrudia Rehoboamu, nami wataniua. Hayo ndiyo ya moyoni. Ya mdomoni ni mengine: ni vigumu kwenu kwenda Yerusalemu. Akawafanyia ndama wawili wa dhahabu, mmoja Betheli, mmoja Dani.

Betheli iko upande wa kaskazini wa Yerusalemu, njiani kabisa. Msafiri aliyetoka Efraimu alikutana na ndama akiwa amebakiza mwendo wa siku moja tu. Dani nayo iko kule juu, chini ya mlima Hermoni. Kwa mtu wa Shekemu, Dani ni mbali kuliko Yerusalemu! Na Biblia inasema watu walikwenda hata Dani. Basi shida haikuwa njia. Mtu aliyeambiwa kwamba Yerusalemu ni mbali alifunga safari ndefu zaidi kwenda kusujudia ng'ombe, wala hakujiuliza.

Kuna maneno mengine pale ambayo niliyapita miaka mingi: mfalme "akafanya shauri". Maana yake alikuwa na watu wa kushauriana nao. Majina yao hayakuandikwa. Kuna aliyeyeyusha dhahabu, na kuna aliyekubali ukuhani bila kuwa wa wana wa Lawi, kabila la makuhani. Kuna aliyetangaza sikukuu ya mwezi wa 8, siku ya 15, tarehe ambayo mfalme aliitunga mwenyewe. Ndugu zangu, mimi najiona hapo, na karatasi mkononi.

Na ukianza hivyo huishii hapo. Mfalme Zimri, aliyekuja baadaye, alitawala siku 7 tu, naye anahesabiwa kwamba aliiendea njia ya Yeroboamu. Mfalme Yehu aliivunja nyumba ya Baali, mungu wa kigeni, lakini wale ndama akawaacha. Mfalme baada ya mfalme, karibu miaka 200, mpaka Ashuru walipoitwaa Samaria, mji mkuu wa ufalme ule, mwaka 722 kabla ya Kristo na watu wakachukuliwa mateka. Waliochukuliwa ni akina nani? Ni wananchi. Yeroboamu alikuwa amekufa zamani.

Kwa hiyo dada, ushauri wangu ni huu: soma Neno mwenyewe. Usisomewe tu, soma. Kiongozi akikwambia jambo limerahisishwa kwa ajili yako, tafuta yeye linamrahisishia nini. Muulize ana kwa ana, kwa heshima, wala usimsengenye kwenye jumuiya. Na mkono wako usiandike kitu ambacho moyo wako unajua si kweli. Nasema tena, soma Neno mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa nalo kwapani siku ile ninasoma tangazo.

Katika mtaa wetu mtu mmoja hakubaki. Bibi mmoja, mjane, Jumapili ya kwanza iliyofuata alipita mbele ya kanisa letu alfajiri, viatu kwenye mfuko wa plastiki, kanga kichwani. Nilimfuata nikamwambia, "Shikamoo bibi. Hukusikia tangazo?" Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Nimelisikia. Wewe barua ya usharika uliisoma?" Sijui nani alimwambia. Akaendelea na njia yake.

Ilinichukua miezi 7 kumfuata. Nilipojiuzulu niliitwa msaliti, na mpaka leo wapo wazee niliokula nao mihogo ile ambao tukikutana sokoni hawanisalimii. Inauma, siwezi kuficha. Lakini Mungu ni mwema, mguu wangu ulivuka.

Kabla ya Jumapili, dada, soma 2 Mambo ya Nyakati 11, mstari wa 13 hadi 16. Utawakuta Walawi walioacha malisho na milki zao wakashuka Yuda, na watu wa makabila yote waliowafuata. Kisha nenda kwa kiongozi wenu na swali lako, halafu uniandikie alivyokujibu.