Kidonda cha mama hakikauki: jibu la fundi aliyekanyaga msumari

Pole na kuuguza, mdogo wangu. Umeuliza kwa nini mama yako mwenye sukari ana kidonda cha kidole gumba cha mguu wiki ya tatu sasa, wakati jirani alijikata na panga akapona upesi. Halafu ukaongeza, kama vile ni nafuu, kwamba "wala hakimuumi". Hapo ndipo niliposhtuka. Changu nacho hakikuuma.

Mimi ni fundi ujenzi, sukari ninayo tangu 2011. Mwaka 2018 nilikuwa saiti na kandambili (usinicheke, wengi tunafanya hivyo), nikakanyaga msumari kwenye mbao zilizobanduliwa kwenye zege. Sikujua. Nilifika nyumbani, mke wangu akauliza damu hii sakafuni ni ya nani. Kugeuza kandambili, msumari bado umo.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikianza na ile mirefu, ndiyo maana ganzi hutangulia miguuni. Mtu asiye na ganzi akiumia huchechemea, na kule kuchechemea ndiko kunakokilinda kidonda. Mimi nilikikanyagia siku nne nzima, na ndoo ya zege begani.

Habari ya kutokauka nilielezwa na nesi wa kliniki, nami nikaigeuza kuwa lugha ya kazi yangu. Mtu akiumia, la kwanza kufika ni kundi la wabomoaji: chembe nyeupe za damu zinazokula vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa. Ule wekundu, joto na uvimbe wa siku za mwanzo ndiyo kazi yao. Wakimaliza hupisha mafundi: vimishipa vya damu, nyama mpya nyekundu, mwisho ngozi. Kwa mwenye sukari iliyo juu, wabomoaji huchelewa kufika, wakifika ni wazito kukamata vijidudu, na baya zaidi hawaondoki. Wanakaa saiti wiki nenda wiki rudi, wakimwaga kemikali zinazomomonyoa hata ukuta mpya. Ndiyo maana kidonda unakiona kibichi vilevile kila ukifungua bandeji. Na kama mishipa ya damu ya mguu imekuwa myembamba, basi hata vifaa havifiki: oksijeni, chakula, pamoja na dawa anayomeza. Sigara hulizidisha hilo. Nilikuwa navuta, niliacha mwaka uleule.

Tena vijidudu vikiingia, mwili hutoa homoni za dharura ambazo zenyewe hupandisha sukari, na sukari hiyo inazidi kuwalegeza wale wabomoaji. Nilizoea mashine ya sukari kusoma 9 au 10 (mmol/L) asubuhi. Wiki ile ikaruka hadi 19 na chakula ni kilekile, homa sina hata chembe. Usitegemee homa. Mwenye sukari anaweza kuwa na usaha ndani na mwili usichemke.

Nilifanya makosa yote unayoyajua. Nilifungua kapsuli nikamwagia unga, ukaganda juu kama plasta, usaha ukabaki chini. Nililoweka mguu kwenye maji ya moto ya chumvi, nikaungua bila kuhisi. Zahanati ya kwanza nayo ilinifunga bandeji bila hata kunipima sukari. Nilipofika hospitali nilichomwa sindano ya pepopunda, wakapapasa mapigo ya damu juu ya wayo, wakapiga eksirei kuona kama mfupa umeguswa. Ulikuwa umeguswa. Kidole kimoja kilikatwa, nyama iliyokufa ikaondolewa, nikawekwa kwenye insulini kwa muda.

Ila lililoniponya, kwa maoni yangu, ni amri moja: usikanyage. Magongo wiki tisa. Kwa mtu wa kulipwa kwa siku hiyo ni njaa, nilikopa hadi kwa shemeji. Bandeji hata iwe ya bei gani, kama kidonda kinakandamizwa kila hatua unajipotezea muda. Kipimo changu cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa 11.4%, sasa ni 7.2%.

Kwa mama yako wiki tatu ni nyingi, asubuhi mpeleke, na muombe wamkague miguu yote miwili. Ukiona weusi, harufu mbaya, wekundu unaopanda juu, au mfupa unaonekana, msisubiri asubuhi. Dozi usimwongezee mwenyewe. Na asiende peku hata bafuni.

Halafu hujaandika: leo kabla ya chai, mashine ilisoma ngapi?