Maoni 23, na hitilafu nisiyoiona

Kuna maktaba moja ndogo ya msimbo wa Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo mimi ni mmoja wa watunzaji wake. Ni programu huria, watu wanachangia kwa kujitolea, na kila badiliko lazima lipitiwe na mtu wa pili kabla ya kuunganishwa na msimbo mkuu. Siku moja kijana mgeni kwetu alileta mchango wake wa kwanza, mistari kama 60 hivi. Niliushughulikia jioni nzima, nikamwandikia maoni 23. Hapa tunatumia nukuu mbili, si moja. Mstari huu umevuka herufi 79. Hizi import zipange kialfabeti. Mengine niliyaandika kwa ufupi wa kukera, nikijiona mlinzi wa nyumba.

Akarekebisha yote, kwa adabu, nikaunganisha. Haikupita muda watumiaji wakaanza kulalamika: matokeo ya faili la kwanza yanajitokeza ndani ya faili la pili. Nilipofungua msimbo, tatizo lilikuwa mstari wa kwanza kabisa wa fankisheni, kile kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina lake:

def kusanya(faili, matokeo=[]):

Anayeijua Python ameshaona. Ile orodha tupu, [], haiundwi upya kila fankisheni inapoitwa. Huundwa mara moja tu, mstari huo wa def unapotekelezwa, na kila mwito usioleta orodha yake unatumia ile ile, pamoja na vilivyoachwa ndani yake na waliotangulia. Dawa ni kuweka None, yaani "hakuna kitu", pale juu, kisha kuunda orodha ndani ya fankisheni. Kinachoniuma ni kwamba mstari huo nilikuwa nimeutolea maoni. Nilimwambia aongeze nafasi baada ya mkato.

Yule kijana hajarudi tena.

Ushauri wangu wa kwanza basi: mambo ya nafasi, nukuu na urefu wa mistari mwachie mashine. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, upo tangu 2001, na kwa miaka mingi tuliusimamia kwa macho, kama wasahihishaji wa gazeti. Leo kuna Black, fomata, yaani programu inayoupanga msimbo yenyewe, iliyotoka 2018, ambayo kwa makusudi haina mipangilio mingi ya kuchezea. Django, mfumo wa kujengea tovuti na mradi mkubwa kuliko wetu mara nyingi, iliupitisha msimbo wake wote humo mwaka 2022. Sisi tulibishana siku kadhaa kama mstari uishie herufi 79 au 88, ambazo ndizo chaguo-msingi la Black. Tukachukua 88, na ubishi ukaisha. Binafsi sipendi inavyoyakatakata mabano marefu, lakini nikilalamika nitamlalamikia nani?

Washa na kikaguzi, programu inayousoma msimbo na kuonya juu ya makosa. Pylint ina onyo la kosa lile lile la orodha tupu, dangerous-default-value. Kwetu ilikuwa imezimwa kwa sababu ina kelele, maonyo mengi mno. Ndiyo, ina kelele.

Siku ya kupanga upya msimbo wote, fanya hivyo katika komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye Git, programu ya kutunza historia ya msimbo) yake peke yake, bila kugusa kitu kingine. Mimi niliwahi kurekebisha mistari mitatu, kihariri changu kikapanga upya faili zima. Aliyepitia alitafuta marekebisho yangu kama sindano kwenye majani makavu. Namba ya komiti hiyo iweke kwenye faili la .git-blame-ignore-revs. Tangu Git 2.23 unaweza kuiagiza git blame, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, iiruke, la sivyo kila mstari utaonekana umeandikwa na wewe.

Kinachobaki kwa binadamu ni majina, na hapo usione haya kung'ang'ania. Nilikutana na get_user ambayo, ikimkosa mtumiaji, inamuunda kimyakimya. Hakuna fomata itakayolalamika, lakini jina hilo ni uongo. Django wenyewe wana get_or_create, na jina linatamka mambo yote mawili. Ila usiyasahihishe majina ya zamani kwa pupa. getLogger na assertEqual hayafuati mtindo wa PEP 8 wa herufi ndogo, lakini yamo ndani ya Python yenyewe, na PEP 8 inakubali kwamba kilichozoeleka mahali kinaweza kuachwa. Ukilibadilisha jina ambalo watu wanaliita kwenye programu zao, umewavunjia programu kwa ajili ya herufi kubwa moja.

Halafu lugha. Oni lisilozuia kuunganishwa tunalianza kwa "nit", kama miradi mingi inavyofanya, na mchangiaji ana ruhusa ya kulipuuza. Yakizidi matatu, nayaacha. Nikiona bado yananikera, nayarekebisha mwenyewe baada ya kuunganisha.

Siku hizi nikifungua mchango naanza na majaribio yake, kisha mistari ya def, mmoja mmoja. Nafasi baada ya mkato siitafuti tena.