Re: Gari linachemsha kwenye foleni, barabara kuu liko sawa

Mkuu, umesema geji ya joto inapanda kwenye foleni tu, ukipata mwendo inarudi katikati, kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua bila kudondoka chini, unaongezea maji ya bomba, na fundi anataka kung'oa thamostati (vali inayodhibiti mzunguko wa kulanti kulingana na joto). Usimruhusu kwanza. Gari likiwa mwendoni upepo wenyewe unapoza rejeta, ambamo kulanti hupoa. Likisimama kazi hiyo ni ya feni. Anza hapo. Washa gari likiwa limesimama, kisha washa AC: kwa magari mengi yenye feni ya umeme, feni inatakiwa izunguke. Ikinyamaza, angalia fyuzi, rilei (swichi yake ya umeme) na mota yake. Mulika pia na tochi kati ya kondensa (ile kama rejeta ya AC, iko mbele) na rejeta, vumbi na wadudu hujazana pale bila mtu kuona.

Ingekuwa inachemsha ukipanda mlima, ningeshuku rejeta iliyoziba ndani au wota pampu, ile inayozungusha kulanti.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo kulanti inayopungua bila kudondoka chini. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa (ikiwa ya moto usiguse mfuniko, utaungua vibaya), fungua rejeta, washa, tazama. Mapovu yasiyokoma, pamoja na moshi mweupe wenye harufu tamutamu kwenye ekzosi, ni dalili kubwa kwamba gasketi ya silinda hedi (inayoziba kati ya bloku ya injini na kifuniko chake cha juu) imeachia. Chomoa kijiti cha oili pia. Ukikuta oili imekuwa kama maziwa, usiliendeshe tena, livutwe hadi gereji.

Thamostati ukiing'oa, injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na feni mbovu inabaki mbovu. Na acha kuongezea maji ya bomba, yanaleta kutu na magadi ndani ya rejeta.