Bega linalouma na bega lililolegea

SWALI: Nina miaka 26, ninanyanyua vyuma mara nne kwa juma hapa Katuba, Lubumbashi. Chuma chetu ni bomba lenye makopo ya saruji huku na huku. Kwa miezi miwili sasa bega la kuume linauma mbele nikishusha chuma kifuani. Nikisukuma kutoka nyuma ya shingo, nasikia kama linataka kuchomoka. Wenzangu hunivuta mkono kila asubuhi ili lifunguke. Nafuu haiji.

JIBU: Ndugu yetu, waombe wenzako waache kukuvuta, tangu leo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kwenye kikombe kisicho na kina, kama mpira juu ya kisahani. Kinachokizuia kisitoke ni utando, ligamenti (nyuzi zinazounganisha mifupa) na misuli midogo minne. Bega lililolegea ukilinyoosha, unazidi kulilegeza.

Una mambo mawili. Maumivu ya kushusha chuma huja kiwiko kinapopita chini ya usawa wa mgongo, na uzito wote ukaangukia upande wa mbele wa bega. Ile hofu ya kuchomoka ni nzito zaidi: mkono ulioinuliwa pembeni na kupinduliwa nyuma ndio mkao ambao mabega mengi huchomokea kwa mbele. Msilijaribu wenyewe ukumbini. Mtaalamu wa kine (tiba ya viungo kwa mazoezi) atakulaza chali, aupeleke mkono kwenye mkao huo, kisha abonyeze upande wa mbele wa bega kuelekea nyuma. Hofu ikitoweka hapo, ulegevu ni wa mbele. Jaribio hili moja unaweza kulifanya mwenyewe: inua mkono pembeni polepole. Ukiuma kati ya nyuzi 60 na 120 tu, kano zilizo chini ya paa la bega nazo zimechokozeka.

Kwa majuma sita acha kabisa kusukuma kutoka nyuma ya shingo. Develope, yaani kusukuma chuma kutoka kifuani, ifanye umelala sakafuni, kwa nusu ya uzito wako wa kawaida: sakafu itakizuia kiwiko. Viwiko vikae nyuzi 45 hivi kutoka ubavuni. Kwa kila seti ya kusukuma, fanya mbili za kuvuta chuma kuelekea tumboni.

Kisha kata mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, uufunge mlangoni kwenye kimo cha kiwiko. Bana taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na ubavu, kunja kiwiko nyuzi 90, zungusha mkono kwenda nje, urudi kwa sekunde tatu. Seti 3 za mara 15, siku moja ndiyo, moja hapana. Geuka ufanye na kuelekea ndani. Wengi huruka hili, ilhali msuli unaozungusha mkono kwenda ndani ndio unaolinda mbele ya bega. Kuanzia juma la nne, inua juu bidoni yenye lita 2 za maji, kiwiko kimenyooka, utembee mita 20 mara tatu. Maji yanayochezacheza huilazimisha misuli midogo kufanya kazi.

Maumivu ya 3 kwa 10 yanavumilika, mradi asubuhi yawe yametulia. Yakizidi, punguza robo ya uzito. Kosa kubwa hutokea juma la tatu: maumivu yameisha, mtu anarudia uzito wa zamani, na kano hazijawa tayari.

Pimeni pia yale makopo kwenye mizani ya dukani. Ya ukubwa mmoja yanaweza kupishana kilo nzima kwa sababu ya mchanga na kokoto, na bega moja ndilo linalolipa.

Ganzi upande wa nje wa bega, mkono usioinuka, au homa: nenda hospitalini siku hiyohiyo.

SWALI: Nina miaka 19, niko Kamalondo. Bega langu lilichomoka nikinyanyua, likarudishwa hospitalini. Nivae kitambaa cha kuning'iniza mkono mpaka lini?

JIBU: Kwa kawaida juma moja hadi matatu, kukivaa miezi hakulizuii kuchomoka tena. Kama hukupigwa radio (picha ya eksirei) baada ya kurudishwa, iombe, kwa kuwa mfupa huweza kumeguka ukingoni. Ukiacha kitambaa, anza kine. Usinyanyue juu ya kichwa kabla ya miezi mitatu. Katika umri wako mabega mengi hurudia. Likitoka mara ya pili, muone daktari wa upasuaji wa mifupa, maana huenda utepe unaozunguka kikombe umechanika, na mazoezi peke yake hayaushoni.