Mwalimu mwenzangu, ukifundisha ukuzaji wa fuwele angani, anza na chupa iliyotobolewa

Mwaka wangu wa kwanza kwenye klabu ya sayansi, hapa Nyegezi, Mwanza, niliwaambia wanafunzi kwamba kwenye kituo cha anga mvutano wa dunia haupo. Binti mmoja wa kidato cha pili akauliza, "Sasa mwalimu, kituo kinashikwa na nini kisiende zake?" Nikakosa jibu. Kumbe kilomita 400 juu mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Kituo na vyote vilivyomo vinaanguka pamoja vikiizunguka dunia, ndiyo maana vinaelea.

Kwa hiyo ukitaka kufundisha ukuzaji angani wa fuwele (vitu vigumu ambavyo atomi zake zimejipanga kwa utaratibu) za semikondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme kwa kiasi tu kama silikoni ya chipu, ubao usubiri. Toboa chupa karibu na kitako, ijaze maji, panda nayo juu ya jiwe. Mwanza mawe hayajatupungukia, na yenyewe ni fuwele zilizoganda polepole kutoka mwamba ulioyeyuka. Ukiwa umeishika chupa, maji yanachuruzika. Iachie: mchuruziko unakatika hewani, chupa haijafika chini. Wanafunzi wangu walitaka nirudie mpaka maji ya ndoo yakaisha.

Kisha chemsha maji yenye majani ya chai, moto ukiwa upande mmoja wa sufuria. Majani yanapanda upande wa moto, yanashuka upande wa pili. Kimiminika cha kukuzia fuwele nacho huzunguka hivyo, kikivuruga ule mchanganyo mdogo wa kitu kingine unaoipa fuwele tabia yake ya umeme. Lakini vyote vikianguka pamoja, kama kwenye chupa ile, cha moto hakisukumwi tena juu.

Hapo ndipo uwasimulie Skylab, kituo cha anga cha Marekani, mwaka 1973 na 1974. Harry Gatos na August Witt wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, walipeleka fuwele za indiamu antimonaidi, semikondakta mojawapo, zilizokuzwa duniani, zenye mchanganyo wa teluriamu kidogo. Huko sehemu ya fuwele iliyeyushwa, ikagandishwa upya. Ilipotazamwa kwa hadubini, upande wa duniani ulikuwa na michirizi, wa angani haukuwa nayo. Fuwele ileile moja! Mimi huwachorea pande zote mbili, nikanyamaza, wao wenyewe waseme sababu.

Lakini usiwadanganye kwamba chipu za simu zao zilitoka angani. Silikoni huyeyushwa hapahapa duniani, kwa nyuzi 1414 za Selsiasi, na wapo wanaoituliza kwa sumaku. Tena hata angani kimiminika hakitulii kabisa: uso wake ukiwa wazi, sehemu ya baridi huvuta ya moto. Kuwaonyesha mvuto huo wa uso, ambao sabuni huupunguza, nyunyiza pilipili manga ya unga kwenye sahani ya maji, gusa katikati kwa kidole chenye sabuni, uone inavyokimbilia ukingoni.